Wingu Waliloliona Wote

Mwezi wa nane, pamba inapoota Munkunyu, mbuzi hugeuka wahalifu. Miezi mingine ni wanyama wa heshima: hupita mbele ya nyumba wakikohoa kama wazee, hula maganda ya ndizi machoni pa wageni, na hakuna anayewaambia neno. Lakini miche ya pamba ikishatoa majani ya kwanza, chifu wa gombolola, yaani wa tarafa, hutangaza kwamba mbuzi atakayekutwa shambani atakamatwa, na mwenyewe atakwenda kumkomboa huku ameinamisha kichwa. Kwa hiyo shule zilipofungwa mwezi huo, miaka michache baada ya uhuru, watoto wa kwingine walipata likizo. Watoto wa Munkunyu walipata mbuzi.

Nyumba nne jirani ziliunganisha mbuzi wao kuwa kundi moja, na kila nyumba ikatoa mtoto mmoja wa kulichunga. Ketura, mjane mkulima wa pamba, alimtoa Masereka, mwanawe wa tatu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu na ulimi wa mtu wa miaka sitini. Fundi cherehani, mtu wa kabila la Watoro aliyeshonea nusu ya kijiji kaptula zisizolingana miguu, alimtoa mwanawe Kiiza. Koplo wa kituo kidogo cha polisi, mtu wa kutoka mbali kaskazini, alimtoa mwanawe Opio. Nyumba ya nne ilikuwa ya Elise, muuza vitenge aliyekimbia vita vya upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Yeye alimtoa Kahambu, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemwita Tantine kwa desturi ya huko.

Wazazi waliwaachia sheria moja tu: kundi halipelekwi mahali papya mpaka wachungaji wote wanne wakubali. Ilikuwa sheria nzuri. Upungufu wake ni kwamba haikusema mtu hukubali vipi, wala nani anapaswa kuulizwa kwanza.

Kila asubuhi walikutana kwenye njia panda, kila mmoja na kiporo chake cha bundu, ule ugali mzito wa muhogo, kikiwa kimefungwa katika jani la ndizi. Walihesabu mbuzi, wakagombana kidogo, wakaondoka. Njia nzima Masereka alichekesha. Aliweza kutembea kama mwalimu mkuu, kusali kama katekista na kutoa amri kama Koplo, mpaka Opio mwenyewe akasimama wima bila kupenda. Watu wazima walisema mtoto yule atakuja kuwa mbunge au mfungwa, na hawakuona tofauti kubwa.

Basi katika kundi lile kulikuwa na mbuzi mmoja mwekundu, mpana kama pipa, ambaye hakuna aliyethubutu kumpiga fimbo. Aliitwa mbuzi wa Kahambu, ingawa hakuwa wa Kahambu. Alikuwa wa jirani yao, mzee Kosiya, ambaye alimkabidhi Elise amlishe kwa desturi ya pale: mwenye mbuzi humpa mwenzake jike la kulisha, na uzao wa kwanza huwa wa aliyelisha. Mbuzi huyo alikuwa na mimba kubwa. Mwalimu mkuu, ambaye kwa siri alipenda mbuzi kuliko chaki, alikuwa amekubali kupokea uzao huo badala ya ada ya Kahambu ya darasa la sita, na kwa ahadi hiyo akamruhusu asome muhula baada ya muhula.

Elise naye alishasema wazi. Biashara yake Munkunyu ilikuwa imelala, wanunuzi wote wako soko la Mpondwe, kule mpakani karibu na Bwera. Mbuzi akizaa, Kahambu atabaki kwa jirani amalize mwaka wake. Asipozaa, watahama wote wawili, na Kahambu atakaa nyuma ya meza ya vitenge. Kila mchungaji alijua habari hiyo. Kiiza alikuwa na kawaida ya kutega sikio kwenye tumbo la mbuzi na kutangaza kwamba amesikia mtoto akisoma hesabu.

Siku moja malisho yao ya kila siku yakawa yamekwisha. Palibaki udongo na vijiti. Mbuzi waliinua vichwa na kuwatazama wachungaji wao kama wageni wanavyomtazama mwenye karamu aliyechelewa kupakua.

Wanne wakaketi juu ya mawe kushauriana. Kiiza alisema waende mbele kidogo tu, kwenye ukingo wa mto Nyamugasani. Opio, ambaye hakupenda mtoto wa fundi amtangulie kwa wazo, akasema ukingo umeshaliwa na ng'ombe wa watu, afadhali wavuke mpaka kwenye ule mchanga wa karibu. Hapo zamu ikamfikia Masereka. Ukingo umetajwa, mchanga umetajwa, yeye ataje nini? Akasema kuna kisiwa katikati ya mto, kile kikubwa, chenye nyasi za kufika magotini ambazo hata ng'ombe wa chifu hawajazionja. Mtu anayeogopa na abaki hapa awalishe mbuzi wake mawe.

Alipokuwa akisema hivyo aliitazama milima. Huku chini jua lilikuwa linachoma na maji ya mto yalikuwa machache, yanapita katikati ya mawe kama mtu mgonjwa. Lakini kule juu, milimani, wingu jeusi lilikuwa limeketi, zito, bila kusogea. Kila mtoto wa bonde lile anajua maana yake. Mto hautazami jua la chini. Mvua ikinyesha juu, maji hushuka hata kama mahali ulipo hujaona tone.

Masereka aliliona. Moyoni akajisemea kwamba bila shaka Opio atakataa, na Opio akikataa, yeye atamcheka kidogo kisha atakubali kubaki, na heshima yake haitakuwa imeguswa. Akamngoja Opio. Opio alikuwa anachora ardhi kwa kijiti. Kiiza alikuwa anamtazama Opio.

Aliyesema alikuwa Kahambu.

"Miye naona kule juu mvula iko nanyesha," alisema. "Maji itashuka. Tubakie huku tu. Hii mbuzi haiweze kukimbia."

Hayo yalikuwa maneno ya akili, na yangetosha. Lakini yalisemwa kwa Kiswahili cha ng'ambo, na katika Munkunyu nzima hakukuwa na kitu rahisi kuchekwa kama Kiswahili cha Kahambu. Nyumbani, Masereka na Kahambu walisema lugha moja ya mlima mmoja, na bibi yake Masereka alikuwa mzaliwa wa upande uleule. Ila wakiwa wanne, pamoja na Mtoro na mtoto wa polisi, iliwabidi waseme Kiswahili, na hapo ukoo ulisahauliwa.

Masereka aliruka akasimama juu ya jiwe. Akajifunga shati kichwani kama kitambaa, akabinua mgongo, akashika tumbo kama mwenye mimba.

"Miye iko naogopa," alilia kwa sauti nyembamba. "Maji iko nakuja kunikula. Tantine Elise iko wapi? Kuja kunibeba mugongoni."

Kiiza alicheka mpaka akateleza kwenye jiwe. Opio alicheka huku anafuta macho. Hata Kahambu alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekaribishwa mahali na hataki kufukuzwa. Kisha akaanza kung'oa majani makavu kwenye manyoya ya mbuzi wake.

"Kuna mwingine mwenye neno?" Masereka akauliza. Hakuna aliyejibu. "Basi tumekubaliana."

Kuvuka kulikuwa rahisi hata ikawa aibu kwamba mtu aliogopa. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mbuzi, ambao huchukia maji kuliko wanavyomchukia chui, walinusa nyasi za ng'ambo wakapita wenyewe. Kisiwani walikula kama wanaolipwa. Watoto walifungua bundu zao, wakala, wakalala chali. Masereka alimwambia Kahambu ayasalimie yale maji yaliyotaka kumla, na wote wakacheka tena, ila Kahambu hakucheka mara hii. Alikuwa ameketi akiutazama mto.

Kwanza maji yalibadilika rangi. Yakawa kama chai iliyotiwa maziwa. Vikapita vijiti, halafu jani zima la mgomba, bichi, lililokatika huko juu. Kahambu alisimama, akamfunga mbuzi mwekundu kamba shingoni, akaanza kumvuta. Masereka alimwona, akataka kutia mzaha, akaacha. Kiiza akasema maji yamekuwa baridi. Ndipo wakausikia mto. Ulinguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, na ngurumo ilikuwa inakuja.

Ukitaka kujua mbuzi ana akili gani, mwambie avuke maji yanayonguruma. Walisimama. Waliochapwa walirudi nyuma, waliovutwa waliketi. Opio alibeba mmoja mabegani, akavuka maji yakiwa magotini, akarudi kuchukua mwingine maji yakiwa mapajani. Masereka na Kiiza waliwasukuma wengine kwa mikono, kwa vichwa, kwa matusi. Wengi waliokoka kwa sababu beberu wa fundi alijitosa mwenyewe na wengine wakamfuata. Wawili wa kwao Masereka walichukuliwa mbele ya macho yake, wakizunguka kama vibuyu.

Kahambu alikuwa wa mwisho. Yule mbuzi mwekundu alikuwa mzito na alikuwa anahema. Walifika katikati. Maji yalimpiga mbuzi ubavuni, tumbo lile kubwa likageuka juu, na kamba ikakaza. Kahambu hakuiachia. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, kamba ikiwa imezungushwa kwenye kiganja. Opio alimrukia, akalishika gauni lake, akapiga kelele aachie, na Kahambu akawa anatikisa kichwa. Mwishowe haikuwa yeye aliyeachia. Kamba ilimchana kiganja ikapita.

Walikaa ukingoni wakichuruzika maji, jua likiwaka bado. Hakuna tone la mvua lililokuwa limeanguka mahali pale. Kahambu alitazama kiganja chake, halafu mto. Hakulia. Masereka angelipa chochote ili alie, au amtukane.

Kesho yake wazazi walikutana uani kwa Kosiya. Kosiya alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo, akieleza kwa kila anayeingia jinsi mbuzi yule alivyokuwa hana mfano. Koplo ndiye aliyeshika shauri, kwa kuwa alikuwa na sare. Aliwapanga watoto mstari mmoja kama gwaride.

"Nani ilisema kwenda kule?" aliuliza.

Masereka aliangalia vidole vya miguu vya Kahambu, akangoja jina lake litajwe. Kiganja cha Kahambu kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kitenge. Angeweza kusema neno moja tu. Hakusema. Kunyamaza kwake kulimwunguza Masereka kuliko kiboko.

"Wewe. Sema," Koplo akamwambia mwanawe.

"Sote, afande," Opio akajibu. "Tulikubaliana."

Koplo akageuka kwa wazazi. Kama wote walikubali, basi wote watalipa: nyumba nne zitachangia kumpa Kosiya mbuzi mwingine, kila nyumba robo. Na kila nyumba itavumilia mbuzi wake wengine waliopotea. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Ketura naye akatikisa. Elise alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, lakini siku ile aliitumia kidogo sana.

"Robo yangu nitaitoa," alisema. "Lakini ile ya ndani ya tumbo? Ile ilikuwa ya mutoto wangu."

Kosiya alikuna kidevu. Akasema kilichomo tumboni hakijazaliwa, na kisichozaliwa hakina mwenyewe. Huenda kingekufa, huenda jike lingeharibu mimba, nani ajuaye. Koplo akawaza kidogo, akasema mbuzi moja iko mbuzi moja. Kisha akawazungukia watu wote kwa macho na kuuliza kama kuna mtu iko na neno.

Masereka alimtazama mama yake. Ketura alikuwa anatazama mikono yake. Fundi alikuwa anatoa uzi kwenye mkono wa koti lake. Mke wa fundi alimkanyaga mumewe mguu, lakini fundi aliuvuta mguu wake pembeni. Masereka mwenyewe alikuwa na neno. Alikuwa anamngoja mtu mkubwa aanze.

"Basi," Koplo akasema. "Tumekubaliana."

Wiki ile ile Elise alifunga marobota yake akapanda lori la muhogo, na Kahambu juu ya mzigo, nyuso zao zimefunikwa kwa ajili ya vumbi. Masereka alikuwa nyuma ya jiko la kwao. Aliwaona wakipita, na hakutoka.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa tisa, kulikuwa na nafasi katika dawati la mbele. Mwalimu mkuu aliuliza yuko wapi yule msichana wa mwandiko mzuri. Watoto wakainamia madaftari, naye akaendelea na hesabu. Masereka aliacha kutembea kama mwalimu mkuu. Aliacha kusali kama katekista. Wenzake walimwomba awachekeshe, akawaambia anaumwa jino. Lile jino lilimuuma wiki nyingi.

Jioni moja Ketura alimwekea bundu na mboga ya majani ya muhogo, akaona hagusi chochote. Akamwuliza kama ni ugonjwa aitwe daktari, au ni ujinga aitwe mjomba wake. Ndipo Masereka akasema yote: wingu, mashauri ya kwenye mawe, maneno ya Kahambu, shati kichwani, kicheko. Alisema akiwa ameziba sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo mama yake alilozoea kulivuta.

Ketura hakunyanyua mkono.

"Wewe uliliona wingu?" aliuliza.

"Niliona, Mama."

"Na wenzako?"

Masereka hakujua. Ketura akamtuma akawaulize kabla usiku haujaingia, mmoja mmoja, na asiwaulize pamoja. Masereka akaenda. Kiiza alisema aliliona tangu asubuhi, ila alidhani mtoto wa polisi anajua anachofanya. Opio alisema aliliona na akaogopa, ila yeye ni mtu wa tambarare za kaskazini, akadhani mtoto wa mlima anaujua mlima wake. Na mtoto wa mlima alikuwa anamngoja Opio. Wote watatu walikuwa wameogopa, kila mmoja peke yake, na wakamcheka yule mmoja aliyeogopa kwa sauti.

Alipomletea mama yake majibu hayo, Ketura aliketi, mwiko mkononi. Masereka alidhani sasa ndipo atakapopigwa.

"Siku ile kwa Kosiya," Ketura akasema, "Elise alipouliza habari ya mimba, niliona tunamdhulumu. Nilitaka kusema. Nikawatazama wenzangu, nikaona wametulia. Nikadhani ni mimi peke yangu." Akaweka mwiko chini. "Nanyi mmejifunzia wapi, kama si kwetu."

Kesho yake alifunga leso kiunoni akazunguka nyumba hadi nyumba. Fundi cherehani alikiri kwamba tangu siku ile mkewe humpakulia chakula kilichopoa, na kwamba mke ana haki. Koplo alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akasema yeye ni mgeni, alikuwa anangoja wenyeji waseme. Hata Kosiya, alipofikiwa, alinung'unika kwamba angetoa kitu, lakini nani alimwuliza tena? Walimwuliza mara moja wakanyamaza wote, akajua wamekubali.

Ikaamuliwa upya. Koplo alitoa mbuzi jike mchanga, mweusi, mwenye masikio marefu. Wengine wakamfidia Koplo kila mmoja kwa alichonacho: fundi kwa kaptula mbili, Ketura kwa gunia la muhogo mkavu, Kosiya kwa jogoo na malalamiko. Mwalimu mkuu alisema mbuzi huyo anamtosha, lakini mwaka wa masomo ulikuwa umekwisha kukatika. Kahambu atarudia darasa la sita mwezi wa kwanza.

Ketura na Masereka walimpeleka mbuzi Bwera siku ya soko, juu ya lori la nyanya. Mbuzi alikula nyanya za watu, na Masereka aliomba msamaha njia nzima. Kutoka Bwera walishuka kwa miguu mpaka Mpondwe. Soko lilikuwa limejaa watu wa pande zote mbili za mto wa mpaka, wanawake wa Butembo na maharage yao, askari wakinunua sigara mojamoja. Meza ya Elise ilikuwa mwishoni. Kahambu alikuwa nyuma yake, anapima kitenge kwa mkono, kutoka ncha ya vidole mpaka puani. Kovu la kamba lilikuwa limekauka kiganjani, jembamba na jekundu.

Masereka alikuwa amejiandalia maneno tangu Munkunyu. Yalipotoka yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa kicheko kile nacho kilikuwa cha Kiswahili, kwamba yeye ndiye aliyetaja kisiwa, na ndiye aliyemcheka, na kwamba wingu aliliona. Akanyoosha kamba.

Kahambu alipokea kamba.

"Asante," alisema. "Nimempokea. Mbuzi huyu ni mzuri sana."

Kilikuwa Kiswahili cha kitabuni, kila neno limesimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu. Hakuwa na 'miye', hakuwa na 'iko'. Alikuwa amejifunza kujificha. Masereka alitaka kumwambia aseme kama alivyokuwa akisema zamani, lakini hakujua mtu huliombaje jambo kama hilo.

Elise hakumkaripia. Alikunja kitenge alichokuwa nacho, akakiweka juu ya vingine, akasawazisha kingo.

"Mulikuwa watoto bane," alisema. "Wote mulikuwa na macho. Mumoja tu ndiye alifungua kinywa, na huyo mumoja mulimuchekelea. Sasa amejua kunyamaza. Siku ingine mutapita njia yenye iko na shimo, yeye ataiona, na hatawaambia kitu. Mutamulaumu nani?"

Masereka akatazama kovu la Kahambu.

"Musifikiri shauri ni kusikia nani anasema nguvu," Elise akaendelea. "Shauri ni kumuuliza kila mutu, na kumuacha amalize. Zaidi yule mwenye anaogopa. Pengine anaogopa kwa niaba yenu wote." Kisha akamgeukia Ketura. "Na sisi wakubwa vilevile, mama."

"Kweli kabisa," Ketura akasema.

Mwezi wa kwanza Kahambu alirudi Munkunyu, akakaa kwa Ketura. Masereka, Kiiza na Opio walikuwa wamepanda darasa la saba. Yeye aliketi tena katika darasa la sita, na watoto wafupi kuliko yeye, akitazama ubao uleule. Mbuzi mweusi alifungwa nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alilia wakati wa masomo, na darasa zima likageuka kumtazama Kahambu.

Jumamosi walichunga pamoja kama zamani. Nyasi zilipopungua wakaketi kwenye mawe, na Opio akasema pengine waende mtoni. Masereka hakusimama juu ya jiwe. Aliwauliza mmoja mmoja, akaanza na Kahambu. Kahambu aliangalia milima kwa muda mrefu. Kulikuwa na kiwingu kidogo cheupe, kama pamba iliyosahaulika shambani.

"Sitaki," alisema.

Wakageuza kundi. Siku nzima jua liliwaka, mto haukupanda hata kidogo, na mbuzi walirudi nyumbani matumbo yameshikana. Hakuna mchungaji aliyemlaumu, lakini Kahambu alitembea nyuma ya wenzake akiwa ameinama, kama mtu anayengojea kicheko.

Ketura aliwakuta uani wakifunga mbuzi, akauliza mbona wanyama wamekonda kwa siku moja. Masereka akaeleza kwamba waliulizana, mmoja akakataa, wakabaki, na mvua haikunyesha.

Ketura alimpapasa mbuzi mmoja mbavu, akasimama karibu na Kahambu.

"Mbuzi aliyelala na njaa, kesho ataamka ale," alisema. "Kesho mwulizeni tena."